Usihame msikiti: uzoefu wangu wa kofia mbili hapa Tanga

Mleta mada, unauliza kama uhame msikiti, maana tangu uajiriwe ustawi wa jamii kina mama wa darasa lako wanakufuata na kesi zao baada ya swala. Usihame. Ukitoka Ngamiani ukaenda Makorora utawakuta shangazi zao.

Mimi nina miaka 11 kazini, na kosa langu kubwa nililifanya kwenye khitma. Tulikuwa uani tunachambua mchele. Mbele yangu amekaa dada aliyeleta kwangu shauri la matunzo ya watoto. Nikamwuliza, kwa nia njema kabisa: "Yule bwana ameleta?" Ungo wake ukasimama. Bibi wa pembeni akainua macho. Kabla ya isha mume alishajua kwamba "ameshtakiwa ustawi", na yule dada hakurudi tena ofisini.

Siku hizi, kabla sijafungua jalada, namwuliza mteja: tukikutana msikitini nikusalimieje? Mmoja alicheka, akasema nisipomsalimia ndiyo watu watashtuka. Basi salamu zipo palepale, ila shauri halitajwi nje ya ofisi. Hata akilianzisha mwenyewe, namjibu "Jumatatu, dada," naendelea na mchele.

Jihadhari zaidi na baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite barazani kabla ya kuomba talaka mahakamani, na wazee wakishajua kazi yako watakuita ukae nao. Waliniita. Wanandoa wakaingia, kumbe mke nilishamsikiliza ofisini. Nikasimama palepale, nikaomba udhuru. Nilijiona mwadilifu kweli! Mume akanitazama, akamtazama mkewe, akaelewa yote. Sasa naomba majina mapema, na nikikataa natuma ujumbe siku mbili kabla, bila kutaja sababu. Mzee mmoja alinuna, akaniambia, "Mwanangu, umekuwa mkubwa siku hizi?" Nilimpa shikamoo yake nikanyamaza. Acha anune.

Penye mtoto anayeumizwa sina mjadala. Mtu akininong'oneza "hili tulimalize humuhumu msikitini", namkatiza kabla hajaniapisha: siri hiyo siibebi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya haki za mtoto kuvunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, kwa hiyo hata yeye mnong'onaji anahusika.

Kesi za watu wangu wa karibu sana nampa mwenzangu wa meza ya pili, ambaye ni mwanakwaya. Naye za kanisani kwake ananiletea mimi. Mkuu wetu anajua na kila uhamisho unaandikwa kwenye jalada. Wiki iliyopita mwenzangu huyo alinisukumia majalada mawili kwa mpigo, akasema, "Dada, mwezi huu kwaya yetu imekuelemea."