Bunduki, amana na namba za kasiki: majibu kwa wasomaji wetu walioko Marekani

Tangu tulipozungumzia wosia kwenye safu hii, maswali ya bunduki yamekuja mengi kuliko ya nyumba. Nimechagua sita. Neno "amana" nalitumia kwa ule utaratibu wa Marekani wa kuandika hati inayomkabidhi mdhamini mali, aishike kwa ajili ya wanufaika. Walioleleka Mwambao wataona unakaribiana na wakfu, isipokuwa amana ya aina hii mwenyewe anaweza kuibadili au kuivunja akiwa hai.

Nina bastola moja na bunduki ya marisau ya kuwindia. Mwenzangu kazini anasema lazima nifungue amana. Ni kweli? (Baba wa watoto watatu, Houston)

Si lazima, kaka. Kwa silaha za kawaida kama hizo, wosia ulioandikwa vizuri unatosha. Faida ya amana ni faragha: wosia ukishafikishwa mahakamani unakuwa kumbukumbu ya umma, na yeyote anaweza kuusoma akajua nani amerithi bunduki. Ukiamua kuifungua, andika hati ya kuhamisha yenye aina ya kila silaha na namba iliyogongwa juu yake, kisha utie saini. Serikali ya shirikisho haina daftari la silaha za kawaida, na Texas haina pia, kwa hiyo hapo kwenu hakuna ofisi ya kuijulisha. Ungekuwa Hawaii, ambako kila bunduki husajiliwa, ningekujibu vingine.

Ila usinunue hati ya jumla mtandaoni. Nyingi zinamwagiza mdhamini agawe "mali zote" bila kumtaka achunguze kama anayepokea anaruhusiwa kushika silaha. Kwa meza na viti haina shida. Kwa bastola, mdhamini anaweza kutenda jinai huku akidhani anatimiza wajibu.

Nimenunua kiwambo cha sauti kwa ajili ya bunduki yangu, kimesajiliwa kwa jina langu. Mke wangu anajua namba za kasiki. Kuna tatizo? (Dallas)

Lipo, na ndilo swali lililoninyima usingizi kuliko yote.

Viwambo vya sauti, bunduki za rasharasha, raifo zenye mtutu wa chini ya inchi 16 na bunduki za marisau zenye mtutu wa chini ya inchi 18 ziko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1934. Kila kimoja husajiliwa ATF, idara inayosimamia silaha na vilipuzi, kwa jina la mmiliki mahususi. Kikisajiliwa kwa jina lako, ni chako peke yako. Mkeo si mmiliki mwenza, hata mkiwa mmeoana miaka ishirini. Na mbele ya sheria, kumiliki si kushika mkononi tu: kujua kitu kilipo na kuwa na uwezo wa kukichukua upendapo kunaweza kuhesabiwa umiliki. Wewe ukiwa kazini na yeye ana namba za kasiki, mwendesha mashtaka ana pa kuanzia. Adhabu inafika miaka 10 jela.

Amana ilipata umaarufu kwa sababu hii hasa. Kifaa kikisajiliwa kwa jina la amana, kila mdhamini aliyetajwa anaweza kukishika na kukitumia kihalali. Tangu Julai 2016, kila mtu mwenye mamlaka ndani ya amana lazima apeleke alama za vidole, picha na fomu ya maswali pamoja na maombi, na nakala imfikie mkuu wa polisi wa eneo lake. Kabla ya hapo, amana zilikuwa njia ya kukwepa hatua hizo. Kwa maoni yangu mabadiliko yale yalikuwa ya haki.

Sasa shika hili, maana wengi wanakosea: kiwambo kilichokwisha sajiliwa kwa jina lako hakiingii kwenye amana kwa kuandika karatasi nyumbani. Huko ni kukihamisha kwa mmiliki mpya, hata kama amana ni yako mwenyewe. Unahitaji Fomu namba 4 na kibali cha ATF kwanza. Zamani ungelipa dola 200 tena. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kodi hiyo ni sifuri kwa viwambo na silaha za mtutu mfupi, ingawa bunduki za rasharasha bado zinalipiwa dola 200. Kodi imeondoka, usajili haukuondoka. Nasikia watu wakichanganya mambo haya mawili na inanitia hofu.

Wakati unasubiri kibali, badilisha namba za kasiki leo hii, na umweleze mkeo sababu.

Mdogo wangu aliwahi kutiwa hatiani kwa kumpiga aliyekuwa mke wake. Kosa lilikuwa dogo, hakufungwa. Naweza kumfanya mdhamini? (Columbus, Ohio)

Hapana, dada. Tangu 1996, hatia ya namna hiyo inamfungia mtu mlango wa silaha chini ya sheria ya shirikisho, hata kama hakulala jela usiku mmoja. Kuna wanaoamini kuwa amana ni "mtu mwingine", kwa hiyo marufuku haiwagusi. Mahakama haiangalii jina lililo kwenye karatasi. Inaangalia ni nani anayeweza kunyoosha mkono akaichukua bunduki.

Anachoweza kupata ni thamani yake. Andika kwamba fungu lake liuzwe na mdhamini mwingine, naye apewe fedha. Mwaka 2015, katika kesi ya Henderson dhidi ya Marekani, Mahakama ya Juu ilikubali hata mtu aliyekatazwa kuomba bunduki zake mwenyewe ziuzwe au ziende kwa mwingine, mradi asibaki na uwezo wa kuzitumia au kuelekeza zitumikeje.

Na dada yangu, kabla ya sheria, mfikirie pia yule mwanamke aliyepigwa.

Mimi ni mwanafunzi, nina viza ya F-1. Mjomba anataka niwe mdhamini wa bunduki zake. (Minneapolis)

Mshukuru, ukatae. Mwenye viza ya muda haruhusiwi kumiliki silaha, isipokuwa kwa mianya michache kama leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Ukipita muda wako wa kukaa nchini, hata leseni hiyo haikuokoi. Mwenye grini kadi hayumo kwenye katazo hilo.

Baba ana raifo yenye leseni kule Arusha. Naweza kuiingiza kwenye amana yangu huku? (Atlanta)

Hapana. Leseni ya silaha Tanzania ni ya mtu mwenyewe, hairithiwi kama shamba. Mzee akitangulia, familia huipeleka polisi, kisha anayeitaka anaomba leseni yake mwenyewe. Kuileta Marekani ni suala jingine kabisa, nako kunahitaji kibali cha ATF kabla haijasafirishwa.

Mume wangu alifariki mwezi jana. Kwenye kasiki nimekuta bunduki nne na kiwambo cha sauti. Shemeji anataka kuja kuvichukua avipeleke kwake California. (Mjane, Arizona)

Pole sana, mama. Mungu amlaze mahali pema.

Usimruhusu kuchukua chochote kwa sasa. California ni mojawapo ya majimbo 8 yasiyoruhusu raia kumiliki viwambo, kwa hiyo kikivuka mpaka tu kuna kosa. Bunduki nazo, kwa kuwa anaishi jimbo jingine, asubiri msimamizi wa mirathi na wosia, na California ina masharti yake ya kuzipokea.

Tafuta karatasi ya usajili wa kiwambo, yenye muhuri wa kodi. Watu wengi huihifadhi pamoja na hati za nyumba. Ikiwepo, msimamizi wa mirathi anaweza kukishika kihalali wakati mirathi inaendelea, halafu akihamishe kwa mrithi halali kwa Fomu namba 5, bila kodi. Afanye hivyo kabla mirathi haijafungwa, na kifaa kisitoke mikononi mwake mpaka kibali kirudi. Asikiazimishe, na asimpe fundi wala rafiki "amtunzie".

Isipopatikana karatasi, usikitupe na usikipeleke popote kwenye gari lako. Kifaa kisichosajiliwa hakiwezi kusajiliwa na wewe sasa. Mpigie wakili wa mirathi, yeye awasiliane na ofisi ya ATF ya eneo lenu kuhusu kukisalimisha. Mpaka siku hiyo, kasiki ibaki imefungwa, na funguo zikae kwa msimamizi.