Amri Haijapotea: Unapopandisha Toleo la Linux na useradd Ikagoma

Usiku niliopandisha seva kutoka Debian 9 kwenda Debian 10 (Debian ni aina mojawapo ya Linux), kazi yote ilienda salama. Vifurushi vilishuka, seva ikajiwasha upya, tovuti zikarudi hewani. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana: kumwongeza mtumiaji mmoja. Nikaandika `su`, amri ya kugeuka kuwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, nikaweka nywila ya root, alama ya dola ikageuka kuwa alama ya reli kama kawaida. Kisha:

`bash: useradd: command not found`

Yaani bash, programu inayopokea amri ninazoandika, haikuipata `useradd`, amri ya kuongeza mtumiaji. Nikaandika tena polepole, nikidhani nimekosea herufi. Nikajaribu `usermod`, nikajaribu `fdisk`, hatimaye `reboot`. Jibu lile lile. Mimi ni root, nywila imekubaliwa, na mashine inaniambia haijui hata namna ya kujizima na kujiwasha.

Hapo nikafanya jambo ambalo nakuomba wewe usilifanye: nikaanza kusakinisha upya. Nilijua `useradd` hukaa ndani ya kifurushi cha passwd, basi nikaandika `apt install --reinstall passwd`. Apt ikakipakua bila shida, lakini zamu ya dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vyenyewe, ilipofika ikakataa kuendelea. Ililalamika kwamba programu inazozihitaji hazionekani: `ldconfig` haionekani, `start-stop-daemon` haionekani, na chini yake ikaandika:

`Note: root's PATH should usually contain /usr/local/sbin, /usr/sbin and /sbin`

Jibu lote lilikuwa kwenye mstari huo. Mimi niliupita haraka kwa sababu tayari nilikuwa nimejiaminisha kwamba mfumo umeharibika, na aliyekwisha kuamua hivyo huona uharibifu kila anapotazama. Ilinichukua karibu saa mbili zaidi kuurudia na kuusoma kwa utulivu.

Niliposoma, niliandika amri mbili ambazo nilipaswa kuanza nazo. Ya kwanza, `ls -l /usr/sbin/useradd`. Faili lipo, lina ukubwa wake, lina ruhusa zake, halijaguswa na mtu. Ya pili, `echo $PATH`, inayoonyesha PATH, yaani orodha ya folda ambamo bash hutafuta amri, ikanijibu:

`/usr/local/bin:/usr/bin:/bin:/usr/local/games:/usr/games`

Tazama vizuri orodha hiyo. Hakuna sbin hata moja. Hiyo ndiyo PATH ya mtumiaji wa kawaida, na amri za usimamizi hukaa kwenye folda za sbin. Bash haipekui diski nzima kutafuta amri; inapita kwenye folda zilizoorodheshwa tu, na isipoikuta inasema haipo. Amri ilikuwa chumba cha pili, na bash ilikuwa haijaambiwa kwamba kuna chumba cha pili.

Kwa nini jana ilifanya kazi na leo ikagoma? Kwa sababu `su` yenyewe ilibadilishwa. Hadi Debian 9, `su` ilitoka kwenye mradi wa shadow, na ilikuwa ikikuwekea PATH ya root hata ukiandika `su` peke yake. Kuanzia Debian 10, iliyotoka Julai 2019, `su` inatoka kwenye mradi mwingine, util-linux, na hiyo hukupa uwezo wa root lakini hukuachia PATH uliyokuja nayo. Ukitaka mazingira kamili ya root, weka kistari:

`su -`

Ni hicho tu. Ondoka kwa `exit`, ingia tena kwa `su -`, na `useradd` itaitika. Angalia kwamba pia itakuhamishia kwenye folda ya root, kwa hiyo kama ulikuwa unafanyia kazi faili fulani, kumbuka ulipoliacha. Wapo wanaopendelea kurudisha tabia ya zamani kwa kuongeza `ALWAYS_SET_PATH yes` ndani ya `/etc/login.defs`, na inafanya kazi. Mimi nashauri uzoee kistari, maana siku utakapoketi mbele ya seva ya mtu mwingine hutakuta mstari wako huo mle.

Kuna mahali shida hii huuma kimyakimya, nako ni kwenye skripti. Ukiwa na skripti ya kale inayoita `su -c` (inayoendesha amri moja kama root) na amri ya sbin ndani yake, itashindwa vilevile, ila wewe hutakuwa umekaa hapo kuona. Yangu ya kuhifadhi nakala ilishindwa usiku kadhaa kabla sijagundua. Tafuta kila palipoandikwa `su -c`, ubadilishe kuwa `su - root -c`, na ndani ya skripti taja njia nzima, `/usr/sbin/useradd` badala ya `useradd`. Inachosha kuandika, lakini toleo lijalo halitakukamata.

Si kila amri inayogoma ina kisa hiki, ndiyo maana nasisitiza kuuliza maswali kwa mpangilio: faili lipo? Bash inatazama huko? Mimi ni nani hapa? La mwisho hujibiwa na `id`. Ukikuta faili kweli halipo, mara nyingi amri imestaafishwa. `ifconfig`, `route` na `netstat` ni mfano mzuri: zimo ndani ya net-tools, kifurushi ambacho Debian iliacha kukisakinisha chenyewe tangu toleo la 9. Unaweza kukirudisha kwa apt, ila ni afadhali ujifunze `ip address`, `ip route` na `ss`. Na ukipata `No such file or directory` kwa amri unayojua ipo, huenda bash bado inakumbuka mahali ilipokuwa zamani. Andika `hash -r` isahau, kisha jaribu tena.

Kwa upande wa sudo, amri inayomruhusu mtumiaji wa kawaida kuendesha amri kama root, ikigoma chanzo huwa ni maswali ya katikati ya upandishaji: uweke faili jipya la mipangilio au ubaki na la zamani? Ukibonyeza haraka ukakubali jipya, sheria ulizoziandika ndani ya `/etc/sudoers` zinaondoka. Hazijafutwa; tazama kama kuna `/etc/sudoers.dpkg-old`. Hamisha sheria zako kwenye faili lake ndani ya `/etc/sudoers.d/`, na jina la faili hilo lisiwe na nukta, kwa sababu sudo huruka mafaili yenye nukta bila kukuambia. Hariri kwa `visudo` kila mara, na ukimaliza endesha `visudo -c` kuikagua. Kosa moja la herufi likipita humo linaweza kumfungia nje kila mtu.

Ukiambiwa kwamba `/usr/bin/sudo` lazima imilikiwe na uid 0 (namba ya root) na iwe na setuid (alama inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake), ingia kwa `su -` na urudishe `chown root:root /usr/bin/sudo`, kisha `chmod 4755 /usr/bin/sudo`, kwa mpangilio huo huo, kwa kuwa chown inaweza kuiondoa setuid. Tafadhali usiwe mtu wa kuandika `chmod -R 777`, inayompa kila mtu ruhusa zote, kwa hasira. Nimewahi kukabidhiwa mashine iliyofanyiwa hivyo, na tiba pekee niliyoiona ya kuaminika ilikuwa kuusimika mfumo upya.

Siku hizi, kabla ya kupandisha toleo, nafungua muunganisho wa pili wa ssh (wa kuingia kwenye seva kutoka mbali), naingia `su -`, na nauacha wazi bila kuugusa. Upandishaji wenyewe nauendesha ndani ya tmux, programu inayoendeleza kazi hata muunganisho ukikatika, ili mtandao ukikatika usiniachie kazi nusu. Ukiisha, nafungua muunganisho wa tatu, mpya kabisa, na humo najaribu `su -`, `sudo -l`, na amri moja ya sbin. Zote tatu zikiitika, ndipo naufunga ule wa pili.