Maswali ya wasomaji: valvu inavuja, inacheza, inadanganya

Mwezi huu barua nyingi zimehusu valvu na aktueta (kile kifaa kinachoizungusha au kuisukuma valvu badala ya mkono), nadhani kwa sababu ndipo viwanda vingi vinapoteza maji, mvuke na muda bila mtu kujua. Nimechukua tano. Nyingine zilizofanana nimeziunganisha humo humo.

SWALI: Kaka, kwetu kuna bomba la inchi 4 linaleta maji kwenye matangi ya kuoshea, lina geti valvu, na kwa kuwa maji yanakuja kwa nguvu sana maoperata wanaifungua nusu tu siku zote. Sasa hata tukiikaza mpaka mwisho maji yanapita, na ikiwa nusu inatetemeka bomba zima linalia. Tulibadilisha tukaweka mpya, baada ya muda ikawa yale yale. Je ni feki?

JIBU: Sio feki ndugu yangu, hata mkinunua ya bei kubwa kuliko zote itakufa hivyo hivyo, maana mmeipa kazi isiyo yake. Geti valvu ni ya kufungua yote au kufunga yote, basi. Ndani kuna kabari ya chuma inayopanda na kushuka, ikiwa juu kabisa maji yanapita karibu bila kizuizi chochote, ikiwa chini kabisa inabana kwenye viti viwili na kuziba. Mkiiacha katikati kabari inaning'inia haijashikwa na kitu, maji yote yanalazimika kupita kwenye upenyo wa chini, kasi yao pale inapanda sana, kabari inagonga viti huku na huku (huko ndiko kulia mnakosikia) na chuma kinaliwa kidogo kidogo. Ile ya zamani kama bado ipo stoo ifungueni muiangalie, pigeni tochi kwenye viti upande wa chini, mtaona michirizi myembamba kama imechorwa kwa msumari. Maji yanapita humo humo hata mkaze vipi, na mkiongeza bomba refu kwenye gurudumu ili mkaze zaidi mtapinda stemu tu, yaani ile fimbo inayobeba kabari.

Dawa yake, geti ibaki pale pale lakini iwe wazi kabisa, kazi yake iwe kukata maji wakati wa matengenezo. Mbele yake wekeni globu valvu ndiyo ipunguze maji. Hiyo diski yake inakishukia kiti moja kwa moja na njia yake imejipinda, kwa hiyo inapunguza taratibu na inadumu, ila mjue hata ikiwa wazi kabisa inakula presha kiasi. Angalieni mshale kwenye bodi yake msiifunge kinyume. Kwa bomba kubwa zaidi bataflai valvu ni nyepesi na nafuu, nayo inadhibiti vizuri diski ikiwa kwenye nyuzi kama 30 hadi 70, nje ya hapo usiitegemee sana.

Msomaji mwingine ameuliza kama boli valvu ingefaa hapo. Boli valvu nzuri sana kwa kufunga, robo mzunguko umemaliza, lakini ile ya kawaida yenye viti vya teflon ukiiacha nusu viti vinaliwa kama kawaida, labda upate ile ambayo boli lake limekatwa umbo la V, hiyo ndiyo imetengenezwa kwa kudhibiti. Na kama kinachopita ni tope au uji mzito wenye chembe achana na zote hizo, tafuta valvu ya diaframu au ile ya kubana mpira, zenyewe hazina pembe za kunasa uchafu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi kijana, nina valvu ya kudhibiti mvuke kwenye kibadilisha joto, haitulii, inapanda inashuka, joto nalo linafuata. Nimetyuni kontrola inayoipa valvu amri mpaka nimechoka na bosi anasema sijui kazi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza iache kontrola, usiiguse tena mpaka uipime valvu yenyewe. Kesi nyingi za namna hii watu wanasumbuana na namba za kwenye skrini wakati ugonjwa uko kwenye chuma.

Omba ruhusa, weka lupu kwenye manyuali (yaani valvu iamriwe na mtu, sio kontrola) mahali ambapo mchakato unavumilia, kisha nenda usimame kwenye valvu huku mwenzako akiongeza amri asilimia 1, asubiri, 1 nyingine, asubiri. Weka alama ya kalamu kwenye stemu na uitolee macho. Stemu ikikaa kimya amri ya kwanza, ya pili, ya tatu halafu ghafla ikaruka, ujue inanata, na valvu inayonata hakuna kontrola itakayoituliza, maana kontrola inaongeza na kuongeza, stemu inaruka kupita ilipotakiwa, kontrola inarudisha, inaruka tena upande wa pili. Mara nyingi kinachonatisha ni pakingi, yale mazibo yanayozunguka stemu ili isivuje, kuna mtu aliona mvuke unavuja kwenye stemu akakaza nati kupita kiasi. Kwenye mvuke wa moto sana pakingi huwa ni ya grafiti na grafiti inabana kuliko teflon, kwa hiyo ikaze kwa kipimo cha mtengenezaji, sio kwa hasira. Baada ya hapo kagua pozishona (kifaa kinachohakikisha stemu imefika pale amri ilipotaka), ule mkono unaosoma mwendo wa stemu ukilegea hata kidogo tu valvu inacheza yenyewe.

Ikifuata amri vizuri, basi uliza saizi. Hili linauma viwanda vingi sana, mtu ananunua valvu ya kudhibiti saizi ile ile ya bomba bila kupiga hesabu, na hesabu yenyewe kwa maji ni fupi. Kv ni mita za ujazo za maji kwa saa zinazopita valvu ikiwa inapoteza presha ya bar 1. Unataka mita za ujazo 20 kwa saa na una bar 4 za kupoteza kwenye valvu? Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, 20 gawa kwa 2 unapata Kv 10. Sasa kama iliyofungwa ina Kv 100 na trimu yake (sehemu za ndani zinazopunguza mtiririko) ni ya mstari mnyoofu, yaani mtiririko unaongezeka sawasawa na ufunguzi, itafanya kazi ikiwa wazi asilimia 10 hivi maisha yake yote, mguso mdogo tu mtiririko unabadilika sana, na kiti kinaliwa. Mvuke una fomula yake tofauti kwa sababu unabanika, usitumie hii, lakini kosa ni lile lile. Inayofaa ni valvu ambayo kwenye kazi ya kawaida inacheza kati ya asilimia 20 na 80. Mwoneshe bosi hiyo hesabu, mweleze kwa heshima, atakuelewa.

SWALI: Tunapanua mtambo na tunabishana, aktueta za hewa au za umeme? Meneja anataka umeme kila mahali eti kompresa ni gharama.

JIBU: Meneja ana hoja, hewa iliyoshindiliwa ni ghali kuitengeneza na mabomba yake yanavuja kimya kimya. Lakini swali la kwanza sio gharama. Chukueni kila valvu moja moja mjiulize, umeme ukikatika au hewa ikiisha saa hii hii, hii inatakiwa ifunguke, ifunge, au ibaki ilipo? Valvu ya gesi ya kuchoma bolea inatakiwa ifunge. Ya maji ya kupooza mtambo unaochemka, mara nyingi inatakiwa ifunguke. Andikeni jibu kwenye orodha kabla hamjaongea na muuzaji yeyote.

Hapo ndipo hewa inashinda. Aktueta ya hewa yenye springi, hewa ikitoka springi inaisukuma valvu upande uliouchagua, haihitaji betri wala kompyuta. Pia ina kasi na haitoi cheche, kwa hiyo sehemu zenye mvuke wa mafuta au gesi inarahisisha mambo, ingawa solenoidi (koili ya umeme inayofungua na kufunga njia ya hewa) na swichi zake bado lazima ziwe za daraja linaloruhusiwa hapo. Ya umeme ya kawaida yenye mota na gia ikikosa umeme inabaki pale ilipokuwa. Kwa valvu kubwa za maji zilizo mbali, zinazofunguliwa mara chache, hiyo ni sawa kabisa na hata inafaa zaidi maana hutavuta bomba la hewa kilomita nzima. Zipo za umeme zenye springi au betri, ila bei inapanda. Hidroliki zinabaki kwa zile zinazodai nguvu kubwa mno.

Kwa hiyo changanyeni. Na mkienda na hewa, nunueni kikaushio na filta nzuri, maji na mafuta ya kompresa yakiingia kwenye pozishona yale matundu madogo yanaziba. Jingine, naomba sana, waambieni mafundi wote wasifungue kopo la springi la aktueta bila kufuata maelekezo yake, springi ile imebanwa kwa nguvu inayoweza kumuua mtu hata kama hewa imeshafungwa.

SWALI: Kwenye skrini valvu inaonesha imefungwa lakini tangi linaendelea kujaa. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana sana, na ni hatari. Ulizeni ile rangi ya kwenye skrini inatoka wapi. Kama inatoka kwenye amri, basi skrini inawaambia mlichoomba, haiwaambii kilichotokea. Tarehe 28 Machi 1979 kwenye mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island kule Pennsylvania, Marekani, valvu ya kupunguza presha ilifunguka kama inavyotakiwa, halafu ikakwama wazi. Taa kwenye paneli ilikuwa inaonesha tu kama solenoidi ya valvu ina umeme, umeme ulipokatwa ili valvu ifunge taa ikazimika, maoperata wakaamini imefunga, na maji ya kupooza yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa 2 mpaka valvu ya kuzuia iliyo kwenye njia hiyo hiyo ilipofungwa. Kiini cha mtambo kiliyeyuka sehemu kubwa.

Wekeni swichi za mwisho wa mwendo, na zifungwe kwenye stemu au shafti ya valvu yenyewe, maana kiungo kati ya aktueta na valvu kikikatika aktueta inazunguka vizuri huku valvu imesimama. Kwenu sasa hivi nendeni mkaangalie kwa macho stemu iko wapi. Ikiwa kweli imefunga na bado tangi linajaa, viti vimeliwa au kuna uchafu umebanwa.

SWALI: Tumeweka boli valvu ya hewa mwisho wa bomba la mita 300, kila ikifunga kuna kishindo mpaka vishikio vya bomba vinang'oka. Tuongeze vishikio?

JIBU: Msiongeze kitu kabla hamjapunguza kasi ya kufunga. Maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma yakisimamishwa ghafla yanazalisha presha ya ziada kama bar 12 hivi, yakitembea mita 2 ni mara mbili yake, na hiyo inajumlishwa juu ya presha mliyonayo. Wimbi hilo linasafiri kama mita 1200 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye bomba lenu linakwenda na kurudi ndani ya nusu sekunde, valvu ikifunga ndani ya muda huo mnapata kishindo chote. Fungeni vali ndogo ya kupunguza hewa kwenye tundu la kutolea hewa la aktueta, anzeni na sekunde 5 kwenda juu, halafu sikilizeni. Robo ya mwisho ya mwendo wa kufunga ndiyo yenye madhara zaidi, kwa hiyo kama aktueta yenu inaruhusu kasi mbili, ya mwisho iwe ya polepole. Na kama kuna cheki valvu (ile inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu) karibu na pampu ikagueni pia, ile ya bawa ikichelewa kufunga maji yanaanza kurudi ndipo inajibamiza, na kishindo chake kinafanana kabisa na hiki.