Umeongeza RAM kwenye kompyuta, skrini imekuwa nyeusi
Pole sana ndugu. Kama umeongeza RAM (kile kibao cha kumbukumbu) ya pili na sasa feni inazunguka ila skrini nyeusi tii, usikimbilie kununua mazabodi (ile bodi kuu ya ndani). Chomoa waya wa umeme, bonyeza pawa kama sekunde 10, shika chuma cha keisi ndo uguse RAM. Toa zote mbili, sugua taratibu yale meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi lake, rudisha ya zamani peke yake, ikiwaka jaribu mpya peke yake sloti (tundu la RAM) hiyohiyo. Soma na stika ya RAM uone ni aina gani, ya DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, mkato wake uko sehemu tofauti. Na ikandamize mpaka klipu zilie ta, mimi nilihangaika siku nzima kumbe upande mmoja haujakaa.