Umefunga kifaa kipya? Soma trimu kwanza, kutuni baadaye

Wiki hii tena kijana mmoja gerejini kamwambia mteja kwamba pikapu yake lazima ituniwe kwa sababu kabadilisha eksozi. Eksozi ya nyuma tu, baada ya katalisti, kile kisafisha moshi! Mwenzake naye kafunga bomba pana la hewa, kawasha, injini ikanguruma vizuri, akasema: "Ipo sawa, kompyuta itajifunza yenyewe." Wadogo zangu hawa nawapenda, wanawahi kazini na hawaogopi grisi, ila majibu yao walipaswa kubadilishana. Nayaandika hapa kwa sababu mdomo umechoka. Kutuni ni kubadilisha hesabu za mafuta ndani ya kompyuta ya injini; trimu ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta yenyewe inaongeza au kupunguza ikifuata sensa ya oksijeni kwenye eksozi.

1. Kompyuta haijui umefunga nini. Haioni chuma, inaona namba za sensa. Kwa hiyo usiulize kama kifaa kinafungwa kwa bolti mbili au kumi. Uliza kama kitaifanya sensa iseme uongo, au kama kitaipeleka injini mahali ambapo ramani ya kiwandani, yaani hizo hesabu za mafuta, haifiki. Eksozi ya nyuma, au chujio jipya kwenye boksi lilelile: funga, uende zako. Nozeli kubwa za mafuta, kemshafti (shafti inayofungua vali), supachaja (pampu ya kusukumia hewa): tuni, na usianze kwa "kuonja kidogo" barabarani. Balaa liko katikati.

2. Bomba la hewa. Pima kipenyo pale sensa ya hewa inapokaa. Sensa inaonja hewa kidogo tu inayopita mbele yake, iliyobaki kompyuta inakadiria kwa kuamini kwamba bomba bado ni lile la kiwandani. Toa la milimita 75, weka la 85: eneo limeongezeka kwa karibu asilimia 28, na hewa ileile sasa inasomeka pungufu kwa zaidi ya asilimia 20. Ukienda taratibu, sensa ya oksijeni inaokoa jahazi: trimu inapanda na mchanganyiko unarudi sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. Ukikanyaga hadi mwisho, pikapu nyingi za petroli zinaacha kuifuata sensa hiyo na kumwaga mafuta kwa hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo umeshaivuruga. Mafuta yanapungua, injini inaanza kugonga ndani ya silinda, tena ikiwa na mzigo mlimani. Kujifunza yenyewe kunaishia hapo.

3. Heda, yale mabomba ya eksozi yanayoshika kwenye injini yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Nilifunga heda ndefu kwenye pikapu ya V8 ya mteja. Taa ya injini ikawaka, kodi P0171 (mafuta hayatoshi benki ya kwanza; benki ni safu moja ya silinda, V8 inazo mbili), trimu ya muda mrefu ya benki hiyo iko asilimia +18. Nikafurahi, sitawaficha. Ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kutuni na nilitafuta pa kujionyesha. "Heda zinapitisha hewa zaidi," nikamweleza mteja kwa sauti ya profesa. Nikapandisha namba za jedwali la sensa ya hewa kwenye kompyuta, trimu ikashuka, taa ikazimika, mteja akalipa, nikaosha mikono.

Benki ya pili sikuiangalia. Ilikuwa pale pale kwenye skrini, mstari mmoja chini: +1 kabla sijagusa kitu, na chini ya sifuri baada ya kugusa. Sensa ya hewa ni moja na inahudumia benki zote mbili. Ikidanganya, inazidanganya zote. Upande mmoja ukilalamika peke yake, ugonjwa uko upande huo, na hakuna jedwali la kuutibu.

Gasketi ya heda ilikuwa inavuja. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, ufa unavuta hewa ya nje, sensa ya oksijeni inainusa na kuripoti kwamba mafuta hayatoshi. Kompyuta ikaongeza mafuta yasiyohitajika, nami nikaongeza juu yake. Pikapu ilirudi oili imepanda kwenye stiki na inanuka petroli, plagi za upande ule nyeusi tii, na katalisti imeyeyuka ndani. Fundi mkuu hakunigombeza. Aliingiza mkono kule nyuma kabisa, kwenye ile bolti ambayo sisi sote tunaikaza kwa kupapasa, akaizungusha kwa vidole viwili huku ananitazama. Kisha akanipa spana: "Malizia kazi uliyoanza." Katalisti mpya ilikatwa kwenye mshahara wangu.

Siku hizi baada ya heda nawasha injini ikiwa baridi, nasikiliza mtiki-tiki kwenye gasketi, natafuta alama ya masizi. Laptopu inakaa kwenye begi.

4. Trimu ikiwa juu injini ikiwa haijakanyagwa, halafu ikashuka ukipandisha mizunguko: tafuta uvujaji. Ikipanda kadiri unavyokanyaga: sensa ya hewa, au pampu ya mafuta imechoka. Benki zote zikiwa ndani ya asilimia kumi, juu au chini, acha.

5. Chujio la kupaka oili: usiliogeshe kwa oili. Oili ikifika kwenye sensa utatuni uchafu.

6. Dizeli ni habari nyingine. Nguvu yake inatawaliwa na mafuta, kwa hiyo bomba la hewa na eksozi peke yake vitakupa zaidi mlio wa turbo. Vile viboksi vya kuchomeka vinavyoidanganya sensa ya presha ya reli (bomba linalogawa dizeli kwa nozeli) navyo ni kutuni, ila kwa kufumba macho. Funga geji ya joto la eksozi kwanza.

7. Tairi kubwa haziigusi injini, lakini usomaji wa spidi na wakati wa kubadili gia vinapotea. Sahihisha kipimo cha tairi kwenye kompyuta, ni kazi ya dakika chache.

8. Ukiomba faili (ramani mpya ya kompyuta) kwa fundi wa kutuni, mtumie logi, yaani rekodi ya namba za sensa, ya kukanyaga hadi mwisho kwenye gia moja, trimu za benki zote mbili, na aina ya mafuta unayotia. Video ya mlio wa eksozi baki nayo.