Maswali ya Wasomaji: Wayaudheya walishindwa mara ngapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha historia sekondari hapa Iringa. Nimesoma kwamba Wayaudheya, kabila la kale la kaskazini mwa India, waliangamizwa na mfalme Rudradaman, kisha karne mbili baadaye wanatajwa wakimlipa kodi Samudragupta, mfalme wa nasaba ya Gupta. Walitoka wapi tena? Na wanafunzi wakiona picha ya sarafu yao, waangalie nini?

JIBU: Mwalimu, jiwe la mshindi husema lile mshindi alilotaka lisemwe. Maandishi ya Rudradaman kwenye mwamba wa Junagadh, Gujarat, ni ya mwaka 150 B.K. hivi, na habari yake kubwa ni kujengwa upya kwa bwawa la Sudarshana lililobomolewa na dhoruba. Wayaudheya wamo kama sifa ya mfalme tu: walijivunia ushujaa, wakakataa kutii, akawavunja. Ninyi wa Iringa mnalijua hili. Kalenga iliangushwa 1894, lakini Mkwawa alipigana hadi 1898.

Sarafu ndizo zinazojibu. Nguvu za Wakushani, watawala wa kaskazini mwa India, zilipopungua, Wayaudheya walitoa sarafu za shaba zilizoandikwa kwa hati ya kale ya India iitwayo Brahmi "Yaudheya ganasya jaya", yaani ushindi wa gana ya Wayaudheya. Gana ni jamii inayojitawala bila ufalme wa kurithi, kwa hiyo msitafute jina la mfalme. Upande mmoja yupo Karttikeya, mungu wa vita, na mkuki wake na tausi. Upande wa pili mwanamke amesimama, mkono kiunoni. Waliotoa sarafu hizi hawakuwa wameangamia.

Zile za zamani zaidi zina fahali mbele ya nguzo, na tembo upande wa pili. Hapo chunguzeni ukingo. Mwaka 1936 Birbal Sahni, mtaalamu wa visukuku vya mimea, alikuta kalibu za udongo za sarafu hizo huko Khokrakot, Rohtak, kaskazini mwa India. Visahani vilipangwa kimoja juu ya kingine, vikakandikwa udongo kwa nje, na tundu likaachwa katikati. Shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa humo, ikapita kwenye vijifereji hadi kwenye kila shimo la sarafu. Kisha kalibu ilivunjwa na sarafu zikakatwa, ndiyo maana ukingoni huweza kubaki kinundu. Udongo ukiwa na unyevu, mvuke huacha vitundu kwenye shaba. Shaba ikipoa mapema, ukingo haujai na herufi za pembeni hukosekana. Kwa hiyo herufi iliyopungua si lazima iwe imefutwa na mikono ya watu.

Samudragupta, karne ya 4, ni habari nyingine. Maandishi ya nguzo ya Allahabad, yaliyotungwa na Harishena, mshairi wake, yanasema wafalme kadhaa wa kaskazini waling'olewa kila mmoja, lakini Wayaudheya, Wamalava na makabila mengine kama wao waliachwa mahali pao kwa masharti manne: kutoa kodi zote, kutii amri, kusujudu, na kwenda wenyewe mbele yake. Hapa mwalimu asichanganye kulipa kodi na kuangamizwa. Hata hivyo, kuanzia hapo sarafu zao zinakoma.