Mwanga unajuaje mlango wa kutokea?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi fundi faiba Sakina, Arusha. Nimekutana na sakyuleta, kidude cha nyaya tatu, mwanga ukiingia 1 unatokea 2, ukirudi kwa 2 unatokea 3. Kwa nini haurudi 1?

JIBU: Marahaba fundi, swali zuri sana! Kazi yote ni ya sumaku, ndani kuna fuwele iliyozungukwa na sumaku, mwanga ukipita upande wa mtetemo wake unazungushwa digrii 45, sasa ukirudi haurudishwi ulivyokuwa bali unaongezewa 45 zingine upande uleule, jumla 90, na kwa kuwa ndani kuna kipande kinachotenganisha mwanga kwa upande wa mtetemo, ndo maana unatupwa mlango wa 3, yaani kama kipilefti, mzunguko ni upande mmoja tu. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aligundua 1845 kuwa sumaku inazungusha mtetemo wa mwanga. Ila modemu za faiba za majumbani kwa kawaida hazina sakyuleta, zinatenganisha mwanga wa kwenda na wa kurudi kwa rangi, yaani urefu wa wimbi, nanomita 1310 kupandisha data, 1490 kushusha. Ukiunga angalia namba, ukibadilisha 1 na 3 laini haishiki.